Nani Alianza Kumwita Mama Sia Mwizi

"Nani alianza?"

Mama Sia aliniuliza hivyo akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki ofisini kwetu Kimara, mkoba mapajani, ameushika kwa mikono miwili kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Hakuja kugomba. "Mie sitaki mniombe radhi," alisema, "wala sitaki mniandikie kitu kingine. Nataka kujua tu, mwanangu. Nani alikuwa wa kwanza kuniita mwizi wa watoto?"

Kazi yangu ilikuwa kujibu maswali ya namna hiyo. Nilikuwa na kompyuta, nilikuwa na shahada, nilikuwa na daftari. Jibu sikuwa nalo.

Nawaandikia nyie mnaoingia sasa kwenye kazi hii ya kuhakiki habari za mitandaoni, kwa sababu mie nimestaafu. Najua mnacheka. Mstaafu gani ana miaka thelathini na miwili? Lakini nilikaa miaka sita, na ukimwondoa Mzee Mohsin hakuna mwingine ofisini kwetu aliyewahi kufikisha hiyo. Siku ya kuniaga walinipa keki na kikombe chenye jina langu, Tumaini, limekosewa herufi moja. Ofisi nzima ya kuhakiki, na hakuna aliyekihakiki kikombe. Bado nakinywea chai.

Ofisi yenyewe ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la mabati, jirani na Barabara ya Morogoro, na mabati yakianza kukatwa huko chini hatusikilizani. Tulikuwa watu wanne, na wawili ndio wanaohusika na habari hii. Kelvin alitengeneza picha na kusimamia kurasa zetu mitandaoni. Mzee Mohsin alikuwa mhariri wetu, mtu wa Segerea, Khoja, Mwislamu wa asili ya Kihindi, mwenye kofia nyeusi ya duara na kalamu nyekundu mfukoni. Alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji kwa miaka mingi kabla mtandao haujazaliwa, na mpaka leo hawezi kusoma kitu kwenye kioo cha simu bila kukishuku. Kila ujumbe uliotufikia alitaka uchapwe kwenye karatasi. Karatasi inagundishwa kwenye daftari, ukurasa wa kushoto. Kulia, mhakiki anaandika dai kwa mkono. Mzee akiridhika anaweka alama ya vema kwa kalamu nyekundu, na hapo tu ndipo Kelvin anaruhusiwa kugusa kitu.

"Mzee, hii ni karne ya ngapi?" Kelvin alimuulizaga.

"Ya gundi," anajibu. "Umeme ukikatika, daftari langu linafunguka. Lako je?"

Nilikuwa mbishi kwake tangu siku ya kwanza. Aliniambia habari ikija, swali la kwanza siyo kama ni kweli au uongo. Swali la kwanza ni nani kakuambia. "Sisi tangu zamani, neno likija tunauliza: kalipokea nani, kutoka kwa nani? Mpokezi mmoja akikosekana katikati, neno tunaliweka pembeni."

Nikamwambia mie ni binti wa mwalimu wa hesabu kutoka Njombe, Mlutheri, na naona tatizo hapo. "Je, kama wapokezi wote kwenye mnyororo ni waongo?"

Alifikiri kidogo. "Basi angalau utakuwa umeshazijua nyumba zao."

*

Kabla sijaendelea na Mama Sia, niwape machache ya kazi, maana ndiyo mtakayoyahitaji Jumatatu.

Video ya mafuriko ikija, usiangalie maji. Angalia usukani. Dereva akikaa kushoto, hiyo siyo Dar es Salaam hata kama imeandikwa Jangwani kwa herufi kubwa. Picha ya ndani ya nyumba, tafuta soketi ukutani. Nchi nyingi zinajitaja kwa soketi. Sauti ya mtu anayejiita daktari, hesabu mara ngapi anasema "sambaza". Daktari wa kweli anakwambia urudi kliniki.

Na kabla ya mitambo yoyote, mpigie mtu aliyepo. Kuna siku mitandao ilijaa picha kwamba stendi ya Mbezi Luis imefungwa na abiria wamezuiwa humo ndani. Nilitumia saa nzima kupima vivuli kwenye picha ile, kichwa kikaniuma. Mzee Mohsin akaniuliza kama namjua mtu yeyote stendi. Nilikuwa na namba ya dada mmoja anayeuza karanga.

"Stendi imefungwa?" alishangaa kwenye simu. "We dada vipi? Mie niko hapa tangu alfajiri. Ingefungwa hizi karanga nawauzia nani, majini?"

Hapo habari ikaisha. Saa yangu ya vivuli hakuna aliyenirudishia.

Makosa pia nilifanya, na moja lilipanda ngazi hadi mezani kwangu. Kulikuwa na picha ya chatu mnene ndani ya tangi la maji huko Segerea. Nilitafuta chanzo chake siku mbili, sikukipata, na nilivyokuwa najiamini nikaona chatu wa ukubwa ule ndani ya tangi la nyumbani haiwezekani. Nikampa Kelvin agonge mhuri mwekundu: SI KWELI. Kesho yake akaja baba mmoja, jasho linamtoka, mfuko wa salfeti begani.

"Sista, ndiye wewe uliyesema chatu wangu wa uongo?"

Akaimimina salfeti sakafuni. Chatu alikuwa amekufa, lakini Kelvin hakusubiri kuhakiki hilo. Alikuwa ameshafika chini kwenye mabati.

Tangu siku hiyo tukaongeza mhuri wa tatu: HATUJUI. Kelvin alilalamika kwamba hakuna mtu duniani anayesambaza kitu kilichoandikwa hatujui. Kweli. Lakini hakuna salfeti nyingine iliyopandishwa ngazi.

Kitu kimoja nilichokuwa fundi kweli ni kuandika dai. Mtafundishwa: huwezi kupima manung'uniko. Watu wanatuma ujumbe umejaa mashaka, oo, mbona hivi, oo, nimesikia, oo, mnaonaje. Wewe unatakiwa uyakamue hayo yote hadi ibaki sentensi moja kali isiyo na kona, ambayo mtu anaweza kusema ndiyo au hapana. Wenzangu waliandika sentensi tano, Mzee akazikata. Yangu haikuguswa. Niliona fahari, na sikuwahi kujiuliza yale maji yaliyokamuliwa yalikuwa na nini ndani yake. Mie niliyekuwa nauliza kila kitu!

*

Sasa Mama Sia.

Jumatatu moja asubuhi picha ilifika kwenye namba yetu ya simu, kutoka kwa watu watatu tofauti wa Kimara. Mwanamke wa makamo mwenye dera la zambarau anaingia kwenye bajaji, amebeba mtoto wa kiume anayelia kinywa wazi, kiatu kimoja mguuni, mguu mwingine mtupu. Tulichapa, tukagundisha, nikaandika dai langu, Mzee akaweka vema. Kelvin akaiweka picha ukurasani kama tulivyozoea, na swali juu yake: Je, mwanamke huyu ni mwizi wa watoto anayezunguka Kimara? Tunafuatilia. Mwenye taarifa atuambie.

Huo ndio ulikuwa utaratibu. Tunauliza umma, umma unatuambia. Na ulifanya kazi, maana kabla ya saa sita mchana simu iliita, sauti ya mwanamke.

"Dada, huyo ni mwanangu! Huyo ni Brayan! Na huyo mama mnayemwita mwizi ndiye anayemlea, mna nini nyie?"

Ilikuwa hivi. Mama Sia ana kituo cha kulelea watoto nyuma ya Kimara Mwisho, dei kea ya mtaani, uani kwake. Ijumaa Brayan alijibana kidole mlangoni. Mama Sia akambeba kukimbilia zahanati, na binti anayemsaidia akapiga picha akaituma kwa mama wa mtoto kazini Temeke, ajue. Mama wa mtoto akaiweka kwenye stetasi yake: mwanangu anapelekwa zahanati, mniombee. Shangazi akaipeleka kwenye kundi la kwaya. Huko kwenye kwaya maneno ya juu yakabaki nyuma, picha ikaendelea na safari peke yake.

Nilikwenda kwa Mama Sia mchana uleule. Nilimkuta anamenya viazi, watoto wamelala kwenye mkeka mmoja kama samaki wa kuanikwa. Simu yake ilikuwa ya kitochi, hajaona lolote. Mie ndiye niliyemwonyesha.

Aliitazama sana. Kisha akacheka. "Hee! Na hili dera limenikaa vizuri."

Tukacheka wote. Nikampiga picha nyingine akiwa na Brayan mwenye bandeji kidoleni, nikarudi ofisini, tukaondoa lile swali ukurasani, maana utaratibu ni kwamba jibu likipatikana swali linafutwa, na tukaweka taarifa kamili yenye mhuri wa SI KWELI. Nilienda nyumbani nikiwa nimeridhika. Siku moja tu, kazi imekwisha!

Asubuhi taarifa yetu haikuwepo. Kampuni ya mtandao ilikuwa imeiondoa. "Chapisho lako linaweza kumdhalilisha mtu." Wakati huohuo, ukurasa mmoja wenye wafuasi wengi kuliko sisi ulikuwa na picha ileile ya bajaji, imekatwa kingo, na maneno: HUYU NDIYE MWIZI WA WATOTO KIMARA, SAMBAZA UOKOE MTOTO. Tukaripoti. Jibu: "Tumelipitia. Halikiuki viwango vya jamii yetu."

"Jamii ipi?" nilimuuliza Kelvin. "Mie nataka kujua. Kuna mtu kweli anayesoma Kiswahili huko?"

"Mashine haisomi, inanusa," akasema. "Yetu ina picha ya mtu na neno mwizi na mhuri mwekundu, inanuka ugomvi. Ya wale inanuka huruma."

Sikuridhika. Nikaandika rufaa kwa Kiswahili. Jibu lilikuja baada ya sekunde nne: tumepokea maoni yako, asante. Nikaandika kwa Kiingereza. Sekunde nne, maneno yaleyale. Ikanijia hamu ya kujua, nikatuma jinsi ya kupika kande, na maharage yanavyotangulizwa. Sekunde nne. Tumepokea maoni yako, asante.

Nilicheka, halafu nikaogopa. Kampuni ambayo kila nyumba ya Kimara inaitumia, haina hata dirisha la kugonga. Serikali ya mtaa unaijua ilipo. Mwenyekiti akikukwepa utamkuta msibani. Hawa utawakuta wapi?

Ijumaa ya wiki ile, kati ya watoto kumi na tisa wa Mama Sia walibaki wanne. Wazazi hawakugomba naye. Mmoja alisema bibi wa mtoto amekuja kutoka mkoani, atamwangalia yeye. Mwingine alisema wanahamia Mbezi. Watu wengine asiowafahamu walisimama getini wakapiga picha ya geti. Yule binti msaidizi akaacha kazi kwa hofu. Na Mama Sia akaacha kutoka nje na mtoto yeyote mkononi, hata kumvusha barabara, kwa sababu nyie mnajua kama ninavyojua mie: mwanamke akiitwa mwizi wa watoto katikati ya umati, hakuna anayesubiri kuulizia mtoto ni wa nani.

Hapo ndipo alipokuja ofisini, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akaniuliza swali lake. Mzee Mohsin alikuwa mezani kwake. Alisimama, akamsogezea kikombe cha chai, na kwa mtu aliyetuhesabia majani ya chai kama vidonge, hilo pekee lilinishtua.

"Nitamtafuta," nilimwambia Mama Sia. "Nitakuletea jina lake."

"Usiniletee jina, nitamchukia bure," akasema. "Niambie tu alikuwa anafikiria nini."

*

Nilimtafuta kwa njia ya Mzee, mpokezi kwa mpokezi. Nilianza na mzazi mmoja aliyemtoa mtoto wake. Nani kakutumia? Jirani yangu. Jirani, wewe nani kakutumia? Shemeji. Nilitembea Kimara nzima na soli ya kiatu ikafunguka mdomo. Wengi hawakuwa wakali. Walikuwa na aibu.

"Nilijua pengine si kweli," shemeji aliniambia, mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa heshima zake. "Lakini nikajisemea, je, kama ni kweli nami nimenyamaza?"

"Na kama si kweli nawe umesema?"

Aliniletea maji ya kunywa.

Wa tano alikuwa muuza vifaa vya ujenzi, Kimara Korogwe. Huyu ndiye aliyekata picha kingo na kuiandikia maneno ya "sambaza". Nilikuwa na hakika nimefika mwisho wa mnyororo, nikafungua daftari kwa furaha mbaya.

"Kwa nini ulimwita mwizi?"

"Mie? Sikumwita mie, sista. Nilikuta imeandikwa."

"Wapi?"

"Kwenye ukurasa mmoja hivi. Wa mambo ya habari. Una rangi ya kijani." Akakuna kichwa. "Baadaye nikarudi kuitafuta, ikawa haipo. Nikajua serikali imeifuta, kumbe basi ni kweli."

Niliandika: ukurasa wa habari, kijani, chapisho halipo tena. Nusu ya kurasa za habari mjini hapa ni za kijani. Mnyororo ukakatikia hapo.

Nilirudi ofisini nimenuna, nikamkabidhi Mzee Mohsin daftari langu la njiani. Alilisoma. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa, akasoma tena ukurasa uleule.

"Mpokezi kakosekana," nilisema.

"Ndiyo," alisema. "Nenda kapumzike, binti."

Jumatatu iliyofuata alibadilisha utaratibu bila mjadala. Kuanzia leo, alisema, hatuweki picha ya mtu kwenye swali. Na dai halikamuliwi tena: tunaandika maneno ya watu kama walivyoyatuma, hata yakiwa na kona. Niligoma. Nilimwambia anaua kazi, kwamba manung'uniko hayapimiki, kwamba chuo kizima kilinifundisha kinyume. Tulibishana mpaka mkata mabati huko chini akanyamaza kutusikiliza.

"Kwa nini?" nilimuuliza. "Nipe sababu moja."

"Mie mzee," akasema. "Nimechoka na sentensi nzuri."

Nikaona amezeeka kweli. Jibu gani hilo?

Akawa na kitu kingine. Siku za Ijumaa tangu zamani alitoka saa sita na nusu kwenda msikitini, akarudi saa nane. Sasa akawa harudi mpaka saa kumi. Kelvin alimtania, "Mzee, siku hizi mnasali rakaa ngapi?" Anasema, "Za kwangu na zako, maana wewe husali." Tukaona anajipumzisha. Nani angemzuia?

Mama Sia hakufunga. Watoto walirudi taratibu, wawili leo, mmoja mwezi ujao, na kabla mwaka haujaisha walikuwa kumi na saba. Nilidhani ni ile taarifa yetu, ambayo tuliiweka upya bila picha, maneno matupu, na mashine haikuinusa. Nilijipongeza. Swali lake sikumjibu, na yeye hakuniuliza tena. Nikipita kwake ananipa kiazi cha kuchemsha, tunazungumza mengine.

*

Mzee Mohsin alirudi Segerea kupumzika mwaka mmoja kabla yangu. Wiki yangu ya mwisho kazini nilipewa kazi ya kupanga kabati la madaftari, ili wageni mtakaokuja mjue lipi liko wapi. Nilikaa sakafuni na vumbi, nasoma ninachotakiwa kupanga, ndivyo nilivyo. Nilicheka upya na yule chatu. Kisha nikafungua daftari la mwaka wa Mama Sia.

Kushoto, zile jumbe tatu, gundi imekauka rangi ya asali.

Wa kwanza: Jamani huyu mtoto ni wa nani, analia sana, asaidiwe.

Wa pili: Habari za kazi. Picha hii inazunguka kwenye kundi letu la mtaa. Huyu mama ni nani? Mtoto ni wake?

Wa tatu: Mnaweza kutusaidia kujua kama mtoto huyu alifika salama?

Nilisoma mara tatu. Nilibandua karatasi kwa ukucha nione kama kuna nyingine chini yake. Miaka yote nilikuwa na hakika kwamba watu watatu walituandikia wakiuliza kama yule ni mwizi. Ningeapa mahakamani. Hakuna hata mmoja aliyelitaja neno hilo. Waliuliza tu, kama majirani wanavyoulizana, na mmoja alitaka kujua kama mtoto yu salama.

Kulia, kwa mwandiko wangu mzuri, sentensi moja kali isiyo na kona: Mwanamke huyu ni mwizi wa watoto anayezunguka Kimara.

Ukurasa wetu ulikuwa wa kijani. Ulikuwa wa kijani siku zote. Rangi ile niliichagua mie na Kelvin.

Nilikwenda kwa Mama Sia kesho yake, daftari chini ya kwapa, nimefanya mazoezi ya maneno njia nzima. Nilimkuta anamenya viazi. Nilimsalimia shikamoo, nikakaa kwenye benchi la getini, nikamwambia: uliniuliza nani alianza. Ni mie. Na kuhusu nilikuwa nafikiria nini, nilikuwa nafikiria sentensi.

Hakuacha kumenya. "Najua, mwanangu."

"Unajua nini?"

"Najua ni wewe. Mzee wako aliniambia wiki ileile uliyozunguka kutafuta. Nikamuuliza kama nikwambie, akasema niache, yule binti anapekua kila kitu, ipo siku atajikuta mwenyewe."

Nilihisi hasira, nawaambieni ukweli. Miaka yote hiyo ananiangalia natafuta! Ningependa kumuuliza alikuwa na haki gani, na nitamuuliza, Segerea si mbali. Lakini nikalitazama tena daftari mapajani mwangu, na safari hii nikaiona na ile vema nyekundu pembeni mwa sentensi, kubwa, haina shaka hata kidogo.

"Alikuja kukuambia hayo tu?"

"Aah wapi. Alikuja kukaa." Mama Sia alilinyooshea kisu benchi nililokalia. "Hapohapo ulipo. Kila Ijumaa akitoka msikitini, na gazeti lake, anasoma tu. Wazazi wakipita wanamwona mzee wa watu kakaa getini, kofia yake, kalamu mfukoni. Wakadhani ni mkaguzi. Wengine wakaanza kusogea kumuuliza, anawaambia, mie ndiye niliyekosea habari za huyu mama, nimekuja nionekane. Watoto wakamwita Babu Gazeti. Alikaa miezi minane hivyo."

"Na mie hakunitaja?"

"Nilimuuliza. Nikamwambia, si umesema sentensi aliandika yule binti?" Akatupa kiazi kwenye sufuria. "Akasema, aliandika yeye, lakini vema niliweka mimi."